GSX-R1000 ya okazio (iliyotumika) Lubumbashi: injini haina neno, kagua breki ya mbele

Ukionyeshwa pikipiki ya Suzuki GSX-R1000 ya kati ya mwaka 2005 na 2013 hapa Lubumbashi, usikimbilie kuiwasha. Muuzaji anataka uisikie inavyonguruma kwa sababu anajua injini hiyo inajiuza yenyewe. Wewe shika kwanza mkono wa breki ya mbele, ubane kwa vidole viwili, uendelee kuubana huku ukimsikiliza anavyoisifia. Pikipiki hii tunaipa alama za juu karibu kila mahali. Tunapoikata ni hapo tu kwenye mkono wa breki, na ndipo penye uhai wa mwendeshaji.

Oktoba 2013 Suzuki ilitangaza kuziita zirudi kwa mawakala GSX-R600 na GSX-R750 za miaka ya 2004 hadi 2013, pamoja na GSX-R1000 za 2005 hadi 2013. Marekani peke yake zilizidi 210,000. Kifaa chenye kasoro ni masta silinda ya breki ya mbele, kile kipande cha alumini kilichofungwa kwenye usukani upande wa kulia. Ndani yake mna pistoni ndogo inayosukumwa na mkono wa breki. Mafuta ya breki yakikaa miaka bila kubadilishwa huvuta unyevu, na kwa kuwa kinga iliyopakwa kwenye pistoni haikuenea sawasawa, unyevu ule unaanza kuila. Kuliwa huko kunazaa gesi. Kibaya zaidi, tundu linalounganisha silinda na kikopo cha mafuta lilitobolewa ubavuni badala ya juu, kwa hiyo gesi haipati njia ya kupanda na kutoka. Inakaa mle mle. Ukibana breki unaibana gesi kwanza, nayo hukubali kubanwa, tofauti na mafuta. Mkono unasogea, kalipa, zile zinazobana diski za gurudumu, hazipati nguvu ya kutosha.

Kiwanda kilitoa masta silinda mpya iliyobuniwa upya, ikafungwa bure. Lakini bure hiyo ilikuwa ya wenye pikipiki wa kule zilikouzwa. Barua ya wito hutumwa kwa mtu aliyeandikishwa kama mmiliki. Pikipiki ikishapita mnadani, ikapakiwa kwenye kontena na kushukia Durban au Dar es Salaam, barua haiifuati hadi mpakani Kasumbalesa. Ndiyo maana mpaka leo unaweza kukuta mashine yenye rangi inayong'aa, tairi mpya na ekzosi ya bei mbaya, halafu masta silinda ni ileile ya kwanza.

Hali ya hewa ya kwetu haisaidii. Kuanzia Novemba hadi Machi mvua ni ya kila siku au karibu yake, na pikipiki nyingi za namna hii hulala zaidi kuliko zinavyotembea. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya, kwa kiwango cha chini kinachokubalika, huchemka kuanzia nyuzi 230. Yakishavuta unyevu, kiwango kinashuka hadi 155. Kitabu cha Suzuki kinataka yabadilishwe kila miaka 2 na mipira ya breki, yaani mabomba yanayopitisha mafuta hayo, kila miaka 4. Hapa kwetu tungesema mafuta kila mwaka, mara mvua zinapokatika, bila kujali umetembea kilomita ngapi. Mafuta yaliyozeeka kwenye kikopo hayajui kama pikipiki ilikuwa barabarani au chini ya turubai.

Kuitambua kasoro hii si kazi ngumu, ila inadai subira ambayo muuzaji hana. Fika injini ikiwa baridi na pikipiki haijaguswa tangu jana. Bana mkono mara moja tu. Sikilizia umeenda umbali gani na unagota wapi. Kisha pampu mara nne au tano haraka. Ukiona mara ya kwanza ulikaribia mpini na mara ya tano umekuwa mgumu, kuna gesi au hewa ndani. Kutofautisha hayo mawili ndiyo kazi. Hewa iliyoingia fundi alipofungua mpira ikitolewa haitarudi. Gesi ya kutu inarudi, kwa sababu inazalishwa humo humo. Kwa hiyo itolewe hewa mbele yako, hakikisha mkono umekuwa mgumu, uiache usiku kucha au siku mbili, kisha urudi ubane tena mara moja. Ukikuta umelegea upya na hakuna tone lililovuja popote, masta silinda hiyo imekwisha. Tatizo jingine lisikuchanganye: mkono ukizama polepole ukiwa umeubana vilevile, hapo ni raba za pistoni zinazopitisha, na hata hizo ni sababu ya kutoiendesha.

Fungua na kifuniko cha kikopo. Mafuta mazima yana rangi ya manjano hafifu, unaona chini. Yakiwa kahawia kama chai ya rangi, yamepitwa na wakati. Ukikuta utelezi wa kijivu au chembe nyeupe zimetuama kwenye sakafu ya kikopo, huhitaji ushahidi mwingine.

Jibu utakalopewa linajulikana: «Yaya, ni hewa tu hiyo, tutaitoa dakika tano.» Mwambie sawa, itoeni, nitarudi kesho kutwa. Mwenye mali nzuri hatakasirika.

Kabla ya hapo, chukua nambari ya chesi. Imegongwa kwenye shingo ya fremu, na kuna pia kibati chenye nambari; zote mbili lazima zifanane, herufi kwa herufi. Pikipiki iliyotoka Marekani ina tarakimu 17, na ya kumi inakupa mwaka wa toleo: 5 ni 2005, 9 ni 2009, A ni 2010, D ni 2013. Ingiza nambari yote kwenye tovuti ya NHTSA, wakala wa usalama barabarani wa Marekani, na itakuonyesha kama kuna wito ambao haujatekelezwa kwenye pikipiki hiyo hiyo. Tahadhari mbili. Utafutaji huo unarudi nyuma miaka 15 tu, kwa hiyo wito wa zamani zaidi hauonekani hata kama haukufanywa. Na kama pikipiki iliuzwa mara ya kwanza Uingereza, Afrika ya Kusini au Ulaya bara, kutokuonekana kitu kwenye tovuti ya Wamarekani hakumaanishi chochote. Hapo waandikie mawakala wa Suzuki wa nchi ilikotoka ukiwapa nambari, uombe wakuambie kazi ilifanyika tarehe gani. Karatasi ya forodha haina habari hiyo, na picha ya kitabu cha huduma iliyotumwa kwa WhatsApp bila nambari ya chesi isikubabaishe.

Ukiamua kuinunua hata hivyo, hesabu masta silinda mpya ndani ya bei. Agiza kwa nambari ya kipuri inayolingana na chesi yako, na sisitiza upewe nambari iliyochukua nafasi ya ile ya zamani, maana baadhi ya maghala bado yana mabaki ya toleo la kwanza. Kuifunga ni kazi ya saa mbili kwa fundi asiye na haraka. Funika tanki na plastiki za mbele kwa kitambaa kinene kilicholoa maji, kwa kuwa mafuta ya breki yanakula rangi. Nyonya mafuta ya zamani kwa bomba la sindano, chomoa waya wa swichi ya taa ya breki, legeza bolti ya mpira, kisha bolti mbili za kibanio. Ukifunga mpya, alama ya UP kwenye kibanio itazame juu. Kaza bolti ya juu kwanza, halafu ya chini, zote kwa 10 Nm (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukazia). Hapo ndipo mafundi wengi wanapoharibu: wanakaza zote mbili kwa nguvu ya bega, kibanio kinapasuka au silinda inapinda na pistoni kuanza kukwama.

Bolti ya mpira inakazwa kwa 23 Nm, na washa zake za kuzibia lazima ziwe mpya: mbili kama mpira ni mmoja, tatu kama mipira miwili inakutana kwenye bolti moja. Kurudishia washa za zamani kunaokoa pesa ya soda na kukuletea tone linaloshuka kila unapobana. Jaza DOT 4 kutoka chupa iliyofunguliwa siku hiyo. Nusu lita inatosha kusafisha mbele yote na kubaki. Silikoni ya DOT 5 kaa nayo mbali, haichangamani na hiyo nyingine, ila 5.1 haina shida. Anza kutoa hewa pale juu, kwenye bolti ya mpira yenyewe: bana mkono, legeza robo ya mzunguko, hewa itoke na mafuta kidogo, kaza, ndipo uachie mkono. Ukiachia kabla ya kukaza umeirudisha hewa. Baadaye shuka kwenye kalipa moja baada ya nyingine hadi mafuta yatoke safi bila povu. Niplo ya hewa inakazwa kwa 7.5 Nm tu, na kuivunja humo ndani ni hasara usiyoihitaji. Kama ulitoa kalipa, bolti zake ni 39 Nm.

Wapo wanaouliza kama kiti ya matengenezo, yaani pistoni mpya na raba zake, haitoshi. Inapunguza tatizo. Pistoni mpya haijaliwa, na ukibadilisha mafuta kila mwaka utaishi nayo. Lakini tundu bado liko ubavuni, kwa hiyo sisi hatuipendekezi ila kwa kungojea kipuri kifike. Masta silinda za kunakili zinazouzwa bila nambari wala jina, hata zikifanana kwa sura, ziacheni dukani. Anayetaka kupanda daraja atafunga Brembo ya radiali yenye pistoni ya milimita 19, na mkono utakuwa mtamu zaidi kuliko wa kiwandani. Asiokote tu masta silinda ya Brembo PR16 iliyotumika kutoka kwenye Ducati au Aprilia: hiyo nayo iliitwa, pistoni yake ya plastiki iliweza kupasuka.

Wenye toleo la 2005 na 2006, ambalo wengi hulitaja kama K5 na K6, wana kazi ya pili. Matoleo hayo yaliitwa kwa ajili ya fremu. Ikipigwa mishindo mikubwa mfululizo, hasa ya kuinua tairi la mbele na kuliangusha kwa nguvu, fremu iliweza kupata ufa, na Suzuki ikawa inaongeza kipande cha kuiimarisha. Wito huu ulitoka kabla ya 2010, kwa hiyo ndio ule ambao tovuti haitakuonyesha. Itabidi uone kwa macho. Inua tanki, toa kasha la filta ya hewa, safisha eneo la nyuma ya shingo ya fremu mpaka alumini iwe tupu, umulike kwa tochi kutoka pembeni, si kutoka mbele. Ufa unaonekana kwa kivuli chake.

Hapa Lubumbashi ina faida ambayo miji mingi haina. Karakana zinazohudumia migodi zina dawa ya kupuliza ya kutafutia nyufa, ile ya makopo mawili, jekundu na jeupe. Mwombe mchomeleaji wa huko akufanyie. Anasafisha kwa kiyeyushi, anapuliza nyekundu, anaiacha dakika 10 hadi 15 ipenye, anafuta kwa kitambaa bila kuimwagia kiyeyushi moja kwa moja, kisha anapuliza nyeupe. Kama kuna ufa, nyekundu itatoka yenyewe juu ya weupe, mstari mwembamba kama uzi. Doa la mviringo mara nyingi ni kitundu cha kuyeyusha tu, halitishi. Mstari ni ufa. Huyo huyo mchomeleaji atakuambia anaweza kuuziba kwa argoni, na kweli anaweza, mshono ukawa mzuri wa kutazama. Mkatalie. Alumini ya fremu imepikwa kupata nguvu yake, na joto la kuchomelea linalegeza sehemu ya pembeni ya mshono. Ufa wa pili utaanzia hapo. Fremu yenye ufa hubadilishwa au pikipiki huuzwa kwa vipuri.

Chaji ya betri kwenye ukoo huu wa Suzuki ni hadithi fupi. Hayabusa, Suzuki nyingine, ziliitwa mwaka 2011 kwa sababu ya regulata, kifaa kinachodhibiti umeme wa chaji, iliyoshindwa kutoa joto lake vizuri na kuacha kuchaji. Hata kama yako haimo kwenye orodha, pima: mita kwenye vichwa vya betri, injini kwenye mizunguko 5,000, usome kati ya volti 14 na 15.5. Chini ya 13, tazama kwanza plagi ya nyaya tatu zinazotoka kwenye stata, sehemu ya injini inayozalisha umeme. Ikiwa imeungua na kuwa kahawia, regulata mpya utakayofunga nayo itakufa vilevile. Kutoka hapa hadi Likasi ni karibu kilomita 120, na kati yake si mahali pa kusukuma kilo 200.

Wenye chapa nyingine wasicheke sana. Yamaha iliziita R1 za 2015 kwa sababu ya gia ya pili iliyoweza kuvunjika, ikabadilisha giaboksi nzima. Kawasaki ilisimamisha mauzo ya ZX-10R ya 2011 kwa ajili ya springi za valvu kabla haijafika kwa wanunuzi wengi. BMW iliita S1000RR za 2012 kwa bolti za konrodi. Mashine inayotoa nguvu farasi 180 kutoka lita moja inafanya kazi karibu na ukingo, na kiwanda kinachoita ni afadhali kuliko kinachonyamaza. Tofauti ni kwamba zile ni kasoro za injini, zinapiga kelele kabla ya kufa. Hii ya Suzuki iko kimya kwenye kikopo.

Na asiye na shida ya pesa anayetazama GSX-R1000 mpya zaidi, ya 2017 na 2018, aulize habari ya cheni. Wito wa hizo ulihusu programu ya kompyuta ya injini: ukipandisha gia isiingie sawasawa, halafu ikaingia kwa ghafla, mshtuko uliweza kuirefusha cheni au kuikata. Tiba ilikuwa programu mpya na cheni mpya, kwa pamoja. Cheni mpya peke yake si ushahidi kwamba wito ulitekelezwa.

Sasa pikipiki yenyewe. Injini ya K5, yenye pistoni ya milimita 73.4 na mwendo wa milimita 59, bado ndiyo tunayoipenda kuliko zote zilizoifuata. Ina nguvu ya chini na ya kati ambayo pikipiki za mbio za miaka hiyo hazikuwa nayo, na Suzuki wenyewe waliirudia kwenye GSX-S1000 miaka kumi baadaye. Kwenye barabara ya Kasumbalesa, nyuma ya msafara wa malori ya madini, hilo ndilo linalokufaa: unafungua gesi kwenye gia ya nne, unapita, unarudi kwenye mstari wako bila kukanyaga gia. Lakini hapo hapo ndipo unapohitaji breki, maana lori la mbele husimama bila taarifa na lami kwenye vituo vya ushuru ina mafuta na udongo mwekundu. Mwaka 2009 injini ikawa nyingine, ya 74.5 kwa 57.3, inayopenda mizunguko ya juu zaidi. Ya 2012 ilirudi kwenye ekzosi moja na kupata kalipa za Brembo, na watu wengi hudhani kwa kuona neno hilo kwamba breki zake hazihusiki na wito. Zinahusika. Kalipa ni Brembo, wito ni wa kitu kilicho juu kwenye usukani.

Mgandamizo ni 12.5 kwa 1 kwenye K5 na 12.9 kwenye hiyo ya 2012, kwa hiyo petroli ya chupa za kadafi, wauza petroli wa kando ya barabara, iacheni. Injini ikigongagonga ukipanda mlima kwa gia ya juu, ujue ulinunua nini. Filta ya hewa wakati wa kiangazi, kuanzia Mei, itazameni mara mbili ya vile kitabu kinavyosema, hasa anayepitia njia za Ruashi zenye vumbi. Viti na mkao ni vya mbio: viganja vitauma kwenye foleni za mjini, na hakuna marekebisho ya kuondoa hilo.

Tukiambiwa tuchague moja leo, tungechukua ya 2007 au 2008 yenye masta silinda mpya na karatasi ya wakala iliyotaja nambari ya chesi. Fremu za miaka hiyo hazina ule wito wa ufa, na modi tatu za nguvu zinasaidia siku za mvua. K5 tungeichukua tu baada ya dawa nyekundu kupita kwenye shingo yake. Ya 2012 na 2013 ni nzuri, ila wauzaji wanaipandisha bei kwa sababu ya Brembo. Ukikuta silinda ya zamani juu yake, toa kwenye bei gharama ya kipuri, usafirishaji wake na saa mbili za fundi, umwonyeshe muuzaji hesabu hiyo kwenye karatasi. Akikubali, iondoke hapo juu ya pikapu, isiendeshwe hadi garaji.